Honi Kuukuu Si Chuma Chakavu

Kila mmoja wetu anaijua honi hata kama hajawahi kuigusa. Wengine huiita bomba, wengine husema spika ya msikiti, na kwa Kinyarwanda ni indangururamajwi. Ni ile spika ya chuma yenye mdomo mpana kama tarumbeta, iliyofungwa juu ya nguzo, juu ya paa, kwenye ukuta wa kiwanda au juu ya gari la matangazo. Hapa Kamembe sauti yake tunaisikia kila wiki: leo adhana, kesho mnada, keshokutwa tangazo la chanjo.

Makala haya yanahusu honi za zamani, zile nzito zilizotengenezwa kati ya miaka ya 1930 na 1970, ambazo bado zimelala katika stoo za viwanda, za misheni na za kumbi za mikutano. Nyingi zinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, maana mdomo wake ni alumini na alumini ina bei. Tawi likitaka kufanya mkutano linakwenda dukani kununua honi mpya nyepesi, yenye karatasi inayosema wati mia, na baada ya msimu mmoja wa mvua imekuwa bubu. Wakati huohuo ile kuukuu iliyouzwa kwa kilo ilikuwa na ubovu wa waya mmoja tu.

Tusidhani kwamba ni jambo dogo. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili asubuhi, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga pande zote mbili za Ziwa Kivu, Bukavu na huku kwetu. Katika Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, wengi wao katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke, na wengine walifia makanisani walimokuwa wakisali. Katika msiba wa namna hiyo umeme hukatika, na simu kila mtu anapiga kwa wakati mmoja. Honi moja nzima, amplifaya ndogo na betri ya gari vinaweza kuwaambia watu mia tano katika kiwanda cha chai watoke kwa mlango gani na wasirudi ndani kuchukua makoti. Mwenye kufanya kazi kwenye tanuri la saruji pale Muganza, au kwenye mashine za kukaushia chai Shagasha na Gisakura, anajua kwamba mdomo wa mtu peke yake haushindani na kelele za mashine.

KWA NINI MDOMO MPANA

Mtu aliye kwenye mteremko wa shamba la chai akitaka kumwita mwenzake wa ng'ambo, hukusanya viganja mbele ya mdomo. Hiyo tayari ni honi. Wazee wa pwani walikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe ya ndovu au la shaba. Siwa ya Pate imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lamu mpaka leo. Hapa Rwanda, katika boma la mfalme zilipigwa amakondera. Wote hao walijua kwa vitendo jambo ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuja kuliandikia hesabu baadaye.

Jambo lenyewe ni hili. Hewa ni nyepesi mno. Kiwambo kidogo cha spika kikitikisika peke yake, hewa iliyo mbele yake inakimbilia pembeni na nguvu inapotea, kama mtu anayepiga kasia nje ya maji. Ukiweka koo jembamba mbele ya kiwambo, hewa ile haina pa kukimbilia. Inasukumwa barabara, na koo likipanuka kidogo kidogo mpaka kuwa mdomo mpana, msukumo ule unakabidhiwa hewa ya nje bila kurudi nyuma. Spika ya kawaida ya karatasi hugeuza kiasi cha asilimia moja tu ya umeme kuwa sauti, au zaidi kidogo. Asilimia zote zilizobaki zinakuwa joto. Honi nzuri hufika asilimia 10, 20, hata 30. Ndiyo maana honi ya wati 15 huishinda spika kubwa ya nyumbani yenye wati mia.

Mwaka 1919 Mmarekani Arthur Gordon Webster alichapisha hesabu ya mwendo wa sauti ndani ya pembe. Mwaka 1924 Hanna na Slepian wakaonyesha kwamba umbo linalofaa ni lile ambalo upana wa njia unaongezeka mara mbili kwa kila hatua iliyo sawa: ikiwa baada ya sentimita kumi njia imekuwa mara mbili, baada ya kumi nyingine itakuwa mara nne, kisha mara nane. Ukizikagua honi nyingi za zamani utaliona umbo hilo.

Lakini mafundi walikuwa wametangulia. Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walikuwa na karakana katika mji mdogo wa Napa huko California. Walifunga kiwambo chenye koili kwenye mdomo wa gramafoni, na mkesha wa Krismasi mwaka 1915 wakapeleka sauti kwa umati mkubwa uliokusanyika mbele ya ukumbi wa jiji la San Francisco. Chombo chao wakakiita Magnavox, yaani sauti kubwa kwa Kilatini. Mwaka 1919 Rais Wilson wa Marekani alihutubia watu wapatao 50,000 mjini San Diego kwa honi hizo. Kwa mdomo mtupu, kusimama mbele ya watu 50,000 na kusikika na wote ni jambo gumu mno.

Kisha zikaja sinema zenye sauti. Mwaka 1926 Wente na Thuras wa maabara za Bell walitengeneza yuniti ya Western Electric iliyopewa namba 555, na kwa hiyo wati chache tu zilitosha kujaza jumba zima la sinema. Leo hii wapo watu Japani, Korea na Ulaya wanaozitafuta honi hizo kwa udi na uvumba, wanazisafisha, wanachonga upya sehemu zilizooza. Kampuni moja ya Korea Kusini, Silbatone, imewahi kuzipeleka kwenye maonyesho ya Munich, na watu wakapanga mstari kusikiliza chombo cha miaka tisini. Sisi hatuna haja ya kununua vitu vya bei hiyo. Tunachotaka ni akili waliyotumia kuvifufua.

NANI ALIYESHIKA KIPAZA SAUTI

Huku kwetu honi haikuja kwa ajili ya mfanyakazi kusema. Ilikuja ili asikilize. Mwaka 1935 ulianzishwa mpango wa sinema za mafunzo kwa Waafrika, makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa fedha za Carnegie za Marekani. Mmoja wa viongozi wake, Meja L. A. Notcutt, alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na yeye mwenyewe alieleza kwamba wazo lilimjia alipofikiri jinsi ya kuwafanya vibarua waridhike na kukaa shambani. Basi lori likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini likiwa na mashine ya sinema na spika, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri. Mpango ulikwisha mwaka 1937. Haukuwa mbaya wote, maana yalikuwamo mafunzo ya afya na kilimo, lakini mwenye kukata mkonge hakupewa kipaza sauti hata siku moja.

Upande wa Wabelgiji ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka 1949 redio ya Kongo ya Kibelgiji ilianza matangazo maalum kwa Waafrika, na kwa kuwa wengi hawakuwa na redio, honi zilifungwa kwenye viwanja vya mitaa yao mijini. Watu walisimama chini ya nguzo jioni na kusikiliza muziki, habari na nasaha. Honi haina swichi kwa msikilizaji. Ukichoka, unaondoka.

Na katika nchi yetu hatuwezi kuandika habari za sauti inayofika mbali tukaruka ya 1993 na 1994. Redio RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi sauti yake iliwachochea wauaji na kuwaelekeza. Mwezi Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilitoa hukumu dhidi ya watu watatu katika kesi ya vyombo vya habari, wawili kati yao wakiwa waanzilishi wa redio hiyo. Kwa hiyo tawi linapoweka honi yake juu ya nguzo, na tuandike katika kitabu ni nani ana ruhusa ya kuitumia na kwa jambo gani. Funguo za amplifaya zikae kwa watu wawili.

KUIJUA HONI ULIYOIPATA

Kabla ya bisibisi, soma. Honi nyingi zina kibati kidogo nyuma, kimefunikwa na rangi. Kisugue taratibu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie msasa, maana maandishi yakifutika umepoteza kila kitu. Ukikuta herufi c/s baada ya namba, maana yake ni mizunguko kwa sekunde. Jina la heltzi (Hz) lilikubaliwa kimataifa mwaka 1960 na likaenea polepole, hivyo kibati chenye c/s kwa kawaida ni cha kabla ya miaka ya 1970. Kilichoandikwa kwamba kimetengenezwa Ujerumani ya Magharibi ni cha kati ya 1949 na 1990. Kinachotaja Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni hakizidi mwaka 1952. Namba ya hataza nayo inafaa: siku hizi kijana mwenye simu anaweza kuiandika na kuona mchoro wa asili wa chombo chenyewe, bure.

Hesabu pia waya. Yuniti za zamani sana zina waya nne badala ya mbili. Mbili ni za koili ya sauti. Mbili nyingine ni za kulisha sumaku, kwani wakati huo sumaku za kudumu zilikuwa dhaifu na watu walitumia sumaku ya umeme. Fundi asiyejua huziona waya hizo mbili hazina kazi, anazikata, halafu anasema honi imekufa. Haikufa, imenyimwa umeme wa sumaku yake.

Honi nyingi za matangazo zimekunjwa ndani: sauti inakwenda mbele, inarudi nyuma, kisha inatoka mbele tena. Kwa njia hiyo pembe ya urefu wa mita moja inaingia ndani ya chombo cha nusu mita. Ukiifungua, weka vipande kwa mpangilio uleule.

KAZI YA MIKONO

Usiiunganishe kwanza na umeme. Zungusha yuniti uitoe kwenye koo. Uzi wa skrubu wa yuniti nyingi za matangazo ni wa kipimo kimoja duniani, inchi 1⅜ yenye meno 18 kwa inchi, na hii ni bahati kubwa: pembe ya zamani iliyo nzima inaweza kubeba yuniti mpya, na yuniti ya zamani inaweza kuhamia pembe nyingine. Ndani ya koo utakuta udongo wa nyigu, utando wa buibui, pengine maji.

Chukua mita ya kupimia. Koili ya omu 8 husoma karibu 6 au 7, ya omu 16 husoma karibu 12 au 13. Isiposoma kitu, waya umekatika. Lakini angalia kwanza ile miguu midogo inayounganisha koili na skrubu za nje, maana mara nyingi kutu imekula hapo tu, na tone moja la risasi ya kuchomea linaponya. Kisha gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja. Ukisikia mlio mkavu wa "ta", kiwambo ni kizima. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua.

Mkwaruzo husababishwa na vumbi la chuma lililoingia kwenye ufa mwembamba wa sumaku. Fungua kifuniko cha kiwambo, weka alama kwa msumari ili kirudi palepale, kisha ukinyanyue kama unavyonyanyua yai. Kata kadi ngumu, izungushie gundi ya karatasi upande unaonata ukiwa nje, uipitishe ndani ya ufa mara nyingi mpaka itoke safi. Bisibisi isiingie humo kamwe.

Hapa nasisitiza. Usitenganishe sumaku na vyuma vyake. Sumaku za alniko, ambazo ndizo zilizo katika honi nyingi za miaka ya 1940 na 1950, zikitolewa kwenye vyuma vyake hupoteza sehemu ya nguvu papo hapo, na ukizirudisha hazirudi kama zamani bila mashine ya kuzitia sumaku upya. Fundi mwenye bidii kupita kiasi ameua honi nyingi kuliko mvua.

Koili ikiwa imeungua, pima kipenyo chake kwa milimita, andika na omu zake, ndipo utafute kiwambo kipya. Kikikosekana, mwone fundi wa kusuka mota. Yeye ana waya mwembamba wenye vanishi na ana subira. Mpe ile ya zamani ahesabu mizunguko, asikisie. Mpira wa kuzuia maji uliokauka utaukata mwingine kutoka mpira wa ndani wa tairi la baiskeli.

Pembe iliyobonyea inyooshwe kwa nyundo ya mti juu ya gogo la mviringo. Rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu: rangi nyingi za miaka hiyo zina risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Lowanisha, kwangua, kusanya uchafu, nawa kabla ya kula.

KUIFUNGA

Makosa mengi huanzia hapa. Nyuma ya honi nyingi pana transfoma ndogo kwa ajili ya mfumo wa volti 100. Sababu yake ni waya mrefu. Kupeleka wati 100 kwa spika ya omu 8 kunahitaji mkondo wa ampea tatu na nusu; kwa volti 100 ni ampea moja tu, na hasara ndani ya waya uleule inapungua zaidi ya mara kumi na mbili. Kwa kiwanda au shamba ni mfumo wa lazima. Jumlisha wati za honi zote: nne za wati 15 ni 60, basi amplifaya iwe ya 60 au zaidi kidogo. Amplifaya ya gari yenye tundu la omu 8 isichanganywe na mfumo huu. Na volti 100 zinarusha mtu. Amplifaya izimwe kabla ya kugusa waya.

Vijana wakitaka kupigia muziki wa besi, wakatazwe kwa upole na sababu waelezwe. Mdomo wa sentimita 40 hauwezi kushika sauti iliyo chini ya takriban heltzi 275. Besi ikipelekwa humo, kiwambo kinaruka bila kitu cha kukizuia mpaka kinapasuka. Kapasita isiyo na chanya na hasi, ya mikrofaradi 68 kwa yuniti ya omu 8 au 33 kwa ya omu 16, ikiwekwa katika waya mmoja wa yuniti yenyewe, itazuia sehemu kubwa ya besi hiyo. Sauti ya binadamu itapita, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Honi mbili zikitazama upande mmoja, chanya iende kwa chanya. Ukikosea, moja inavuta hewa wakati nyingine inasukuma, na wasikilizaji walio katikati hawapati kitu. Mdomo uiname kidogo chini, mvua isikae ndani. Kazi ya kupanda nguzo ifanywe siku ya jua, kwa mkanda, na watu wawili. Upande huu wa magharibi una radi nyingi.

Masikio nayo. Honi nzuri kwa wati moja tu hufika desibeli 105 au zaidi kwa umbali wa mita moja, na kwa wati 15 hukaribia 120. Wataalamu wa afya ya kazi wanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane, na Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unahusu kelele mahali pa kazi. Anayejaribu honi asimame nyuma yake. Majirani pia wana haki: Machi 2018 wilaya ya Nyarugenge mjini Kigali ilizuia misikiti kutumia vipaza sauti kwa adhana kwa sababu ya kelele, na mabishano yakawa makubwa. Tawi lipate kibali kabla ya kufunga chochote.

Kwa tahadhari ya moto au tetemeko, weka pembeni amplifaya ya volti 12 na betri ya gari yenye ampea-saa 50; kwa matangazo ya hapa na pale inatosha mchana mzima. Betri ichajiwe kila mwezi, na siku ya majaribio iwe moja inayojulikana, saa moja inayojulikana, asubuhi kabla ya zamu kuingia. Msemaji aseme maneno mafupi, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, na mtu mmoja asimame mahali pa mbali kabisa, kule mwisho wa mistari ya chai au nyuma ya ghala la mifuko, aandike alichosikia. Asiposikia neno "tokeni", honi igeuzwe, ijaribiwe tena.